Dakika 75 za Mwanafunzi wa Kutwa

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaeleza waziwazi jinsi siku ya mwanafunzi wa shule ya kutwa inavyopaswa kugawanywa. Masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo, muda huo ni wa shughuli za ziada: michezo, muziki, drama, mijadala, skauti na vyama vya kila namna. Hizo ni dakika 75 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliyeziandika kanuni hizo hakusema "iwapo muda utapatikana", wala hakusema "baada ya silabasi kukamilika". Alizitenga dakika hizo kisheria kama alivyozitenga saa za hesabu na kemia.

Nawauliza walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya: katika shule yenu, dakika hizo ziko wapi?

Nauliza hasa kuhusu shule za upili za umma zilizoko katika viunga vya miji yetu, huko Rongai na Kitengela, Githurai na Ruiru, Kisauni na Likoni. Nyingi ya shule hizi hazina mabweni, na aghalabu hazina uwanja wa maana wala basi. Ndizo zinazopokea watoto wa wachuuzi, wa mafundi, wa makarani na wa akina mama wanaofua nguo za wenyewe. Shule za bweni zenye majina makubwa hazina haja ya kugombania alasiri, kwa kuwa mwanafunzi hulala pale pale. Kwaya yaweza kufanya mazoezi baada ya chakula cha jioni, na tamthilia yaweza kurudiwa Jumamosi kutwa mpaka waigizaji wakachoka. Mwanafunzi wa kutwa ana dakika 75 tu. Akinyang'anywa hizo, hana nyingine.

Na hunyang'anywa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na waliofurahia hatua hiyo walikuwa wengi, mimi nikiwamo. Lakini kilichofukuzwa kupitia mlangoni kikarejea kupitia dirishani. Katika shule nyingi za kutwa, kengele ya saa tisa na nusu haimwambii mwanafunzi aende uwanjani, bali humwambia abadilishe kitabu. Kipindi kinachofuata huitwa cha marudio, au cha kufidia, au cha "kumaliza silabasi". Ubaoni ratiba ya vyama ingali imebandikwa, imeandikwa kwa wino mzuri, na mkaguzi akija huonyeshwa.

Simwekei mwalimu mkuu lawama zote. Yeye hupimwa kwa wastani wa alama za KCSE, na mzazi anayemjia ofisini Januari hamuulizi ni wanafunzi wangapi waliocheza ngoma. Humuuliza ni wangapi waliopata C+ na kwenda juu, alama inayofungua mlango wa shahada ya chuo kikuu. Mimi mwenyewe ningekuwa katika kiti kile, huku mshahara wa walimu wa bodi ukinikosesha usingizi, huenda ningeitazama dakika 75 kama mtu mwenye njaa anavyolitazama shamba la jirani. Shabaha yangu leo ni ile hoja inayotumiwa kuhalalisha uporaji huo, yaani kwamba vyama hula alama. Katika somo ninalolijua, naamini mambo ni kinyume kabisa.

Tuutazame mtihani wa Kiswahili wa KCSE. Una karatasi tatu. Ya kwanza ni ya insha, alama 40. Ya pili ni ya ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, alama 80. Ya tatu ni ya fasihi, alama 80. Jumla ni alama 200, na katika alama hizo zote hakuna hata moja inayotolewa kwa mtahiniwa kufungua kinywa. Fasihi simulizi, ambayo kwa jina lake tu ni sanaa ya ulimi, hutahiniwa kwa kalamu. Mtoto huulizwa sifa za mtambaji bora na huzitaja zote vizuri, ilhali hajawahi kumtambia mtu hadithi wala kutambiwa. Kiingereza nacho kina swali la stadi za kuzungumza ambalo, kwa ajabu ya Musa, hujibiwa kwa maandishi. Anayechagua Kifaransa au Kijerumani, kwa upande wake, hukalishwa mbele ya mtahini na kuzungumza. Ndiyo kusema kijana wa Kenya hupimwa ulimi wake katika lugha ya Paris na ya Berlin, na asipimwe katika lugha ambayo Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaiita lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi.

Kwa kuwa mtihani haukipimi kinywa, darasa nalo halikifunzi. Hesabu ni rahisi. Kipindi ni dakika 40 na wanafunzi ni 50 au 60. Mwalimu akinyamaza kabisa, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuliweza, kila mwanafunzi atapata chini ya dakika moja ya kusema. Kwa kawaida hupata jibu la neno moja, na mara nyingi neno hilo husemwa na darasa zima kwa pamoja, kama kiitikio. Mtoto aweza kusoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne bila kuwahi kusimama mahali akasema sentensi kumi mfululizo zenye hoja moja. Mahali pekee shuleni ambapo aweza kulazimika kufanya hivyo ni katika chama.

Niongeze jambo ambalo kila aliyewahi kusahihisha insha atalitambua. Swali la kwanza la karatasi ya insha ni la lazima, na huhitaji utungo wa kiuamilifu: barua, hotuba, mahojiano, tahariri, au kumbukumbu za mkutano. Swali la kumbukumbu likitoka, wasahihishaji husoma rundo zima la mikutano ya vyama vya Kiswahili, yote iliyoanza kwa maombi, yote yenye wanachama watatu waliotuma udhuru, na yote iliyomalizikia kwenye "mengineyo". Waandishi wengi wa kumbukumbu hizo hawajawahi kuhudhuria mkutano wa chama chochote. Wamekariri umbo kama mtu anayekariri ramani ya mji asioujua. Mwanafunzi aliyekuwa katibu hasa wa chama hasa, aliyewahi kubishana na mweka hazina juu ya Sh200 za kununulia bahasha, huandika kumbukumbu zilizo na uhai, na alama zake huonyesha hivyo. Sasa nani amekula alama za nani?

Miaka michache iliyopita nilialikwa na shule moja ya kutwa katika viunga vya Nairobi niwe mwamuzi wa mdahalo wa Chama cha Kiswahili. Hoja ilikuwa ya kawaida, kwamba wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu za mkononi shuleni. Mdahalo ulipangwa uanze saa tisa na nusu. Tulianza saa kumi na robo, kwa sababu kidato cha tatu na cha nne walikuwa na kipindi cha marudio cha fizikia na mwalimu wa fizikia hakuwa mtu wa kuachia sentensi njiani. Mlezi wa chama, mwalimu kijana mwenye subira nyingi, aliniomba radhi mara tatu.

Upande wa upinzani ulikuwa na msemaji wa kike wa kidato cha tatu. Aliposimama, mlezi aliniinamia akaninong'oneza kwamba darasani msichana yule hujibu "sijui, mwalimu" hata kwa swali analolijua. Nilimsikiliza kwa makini ya kikazi. "Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "msemaji aliyenitangulia ametuambia kwamba simu ni maktaba. Nakubaliana naye. Lakini naomba kumuuliza, katika maktaba hiyo, ni nani mkutubi?" Darasa lilipiga meza. Akaendelea kwa dakika tano au sita: alikubali hoja moja ya wapinzani wake ili abomoe mbili, alirejelea kwa majina watu waliosema kabla yake, na alipopotelewa na neno alilizunguka kwa maneno mengine badala ya kukimbilia Kiingereza. Wanaisimu huandika makala marefu kuhusu umahiri wa namna hiyo. Pale ulikuwa mbele yangu, umevaa sweta iliyochakaa viwiko.

Kisha akatazama dirishani, akanyamaza kidogo, akasema: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba radhi. Nauli inapanda." Akachukua mkoba wake akatoka, na wasichana wengine watatu wa mtaa mmoja naye wakamfuata. Hakuna aliyecheka. Mlezi alinieleza baadaye kwamba ikikaribia saa kumi na moja, matatu za njia ile hupandisha nauli kutoka Sh40 hadi Sh80, na kwamba wazazi wa wasichana wale wamekataza katakata kufika nyumbani magharibi ikiwa imeingia. Nilimpa alama kwa kile alichokisema. Upande wake ulishindwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuifunga hoja.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza walimu wa shule za viungani kuhusu nauli, na kila mmoja ana hadithi yake. Mshairi bora wa chama huondoka kabla ya shairi lake, na kipa wa timu hubadilishwa kabla ya mapumziko. Kipindi cha marudio kinapokula dakika 40 za kwanza, kinachobaki huliwa na barabara. Wanaopanga ratiba ofisini wanapaswa kulijua hili, kwa kuwa shughuli ya ziada ya mwanafunzi wa kutwa haiwezi kusukumwa mbele kama ile ya mwenzake wa bweni. Saa kumi na moja kasorobo ni ukingo wa jabali.

Kuna wasomi wenzangu ambao, wakisikia nikitetea vyama vya vijana wa viungani, hunijibu kwa neno moja: Sheng. Wao hudhani kijana wa Githurai au Kayole amekwisha kupotea kwa Kiswahili sanifu na kwamba dawa yake ni vipindi zaidi vya sarufi. Mimi sioni hivyo. Msichana yule, nina hakika, alipofika kituo cha matatu alimjibu utingo kwa Sheng safi, na angekosea kama angemjibu kwa Kiswahili cha bungeni. Mtu hujua lugha kwa kujua ipi ivaliwe wapi. Katika karatasi ya pili ya KCSE mtahiniwa huweza kuulizwa sifa za sajili ya bunge, naye akaziorodhesha: kanuni za heshima, msamiati maalumu, kauli za kuomba ruhusa. Darasani hukariri orodha hiyo. Katika mdahalo huivaa, huitembelea na huhisi inapombana kwapani. Kifimbo au kidude anachovishwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha "isiyotakiwa", adhabu ambayo ingali hai katika shule kadhaa, hakijawahi kumfunza mtu sajili yoyote, isipokuwa ile ya kunyamaza.

Tena, wanaodhani kwamba haya ni michezo ya watoto tu wanapaswa kuyatafakari yaliyoyapata mashindano yetu ya drama. Tamasha la kitaifa la drama lilianza mwaka 1959, miaka 32 baada ya lile la muziki, lililoanza mwaka 1927. Mwaka 2013 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walizuiwa kuigiza Shackles of Doom katika fainali za kitaifa, na Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilirudi na Echoes of War. Mahakama iliamuru tena waruhusiwe, lakini huko Nakuru mwezi Aprili vitoa machozi vilirushwa, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu tamthilia zenyewe. Mimi yangu ninayo na si lazima niyaseme hapa. Ninalotaka kulisema ni kwamba sijapata kusikia polisi wametumwa kwenye kipindi cha marudio cha fizikia. Wenye mamlaka wanatambua vyema uzito wa kijana anayesimama na kusema. Wanaostahili kuutambua zaidi ni walimu.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa yamesemwa sana. Tangu mwaka 2018 serikali imeahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo imetengewa shughuli hizi hizi. Mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliwaeleza wabunge kwamba uwezo uliokuwapo ulikuwa takriban Sh16,900. Fedha zinapopungua, chaki hainunuliwi kidogo na wala umeme haukatwi nusu. Kinachokatwa kwanza ni safari ya kwaya. Mlezi wa chama naye hufanya kazi hiyo bila marupurupu, na wengi wao hulipa nauli za wanafunzi kutoka mifukoni mwao. Hata hivyo, nikanushe dhana moja. Mdahalo hauhitaji basi, wala sare, wala mwalimu wa dansi kutoka mjini. Wahitaji chumba, mwenyekiti, mtunza saa na dakika 75. Shule ya kutwa iliyokosa kila kitu yaweza kuwa na mdahalo bora kuliko shule yenye ukumbi wa viti elfu, mradi isiibiwe muda.

Mtaala mpya wa umilisi unatupa nafasi ambayo sisi wa 8-4-4 hatukuipata. Katika Kiswahili cha mtaala huo, mada ya kwanza ni kusikiliza na kuzungumza, ndipo zifuate kusoma na kuandika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya kumi waliingia katika shule za upili za juu, wakiwa na mikondo mitatu ya kuchagua: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na spoti. Kwa maneno mengine, kile tulichokuwa tukikiita cha ziada kimepewa dawati lake darasani. Lakini mkondo wa sanaa na spoti wadai vifaa na walimu, na si ajabu ukawa mali ya shule zile zile zilizokuwa zikishinda vikombe. Mtoto wa viungani aliyepelekwa katika mkondo wa sayansi kwa sababu shule yake haina mwingine atabaki kutegemea chama cha alasiri kuliko hata kaka yake wa kidato cha nne.

Ninayo maombi mawili tu. La kwanza ni kwa Baraza la Mitihani. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na kundi la kwanza la mtaala mpya litamaliza gredi ya kumi na mbili mwaka 2028. Ikiwa kuzungumza ni mada ya kwanza katika mtaala, basi kutahiniwe kwa kuzungumza, kama inavyofanywa kwa Kifaransa, hata kama ni kwa alama 20. Siku alama hizo zitakapotangazwa, walimu wakuu watazirudisha dakika 75 wenyewe, bila kuhubiriwa na mtu yeyote wa chuo kikuu.

La pili ni kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye katika shule nyingi ndiye mwenye ufunguo wa ratiba. Sikuombi alasiri zote tano. Nakuomba Jumatano. Kengele ilie saa tisa na nusu kamili, mwalimu wa fizikia aiache sentensi yake pale ilipofika, na mdahalo uanze saa hiyo, ili msemaji wa mwisho wa upinzani aifunge hoja yake kabla nauli haijapanda.